Usimtumie bingwa picha ya picha

Mkuu, umeuliza kama hospitali yenu ya wilaya, ambayo ina CT skana lakini haina bingwa wa radiolojia, inaweza kupiga skrini picha kwa simu na kuituma WhatsApp isomwe. Mimi niko Dar, mwaka wa sita huu nasoma picha za hospitali za mikoani. Nakuomba msifanye hivyo.

Usiku mmoja nililetewa kifua cha kijana aliyeanguka na bodaboda. Ilikuwa picha ya simu, taa ya chumbani inang'aa juu ya skrini. Nikajibu kwamba mapafu ni salama. Asubuhi likaja faili lenyewe. Nalifungua, naona juu ya pafu la kushoto kuna mstari mwembamba kama unywele: hewa imevujia nje ya pafu. Nilipiga simu mikono ikitetemeka. Wakamwekea mrija, akapona. Lile jibu la usiku lilikuwa langu, na mpaka leo linaniuma.

Faili la DICOM la CT, yaani faili halisi linalotoka kwenye mashine, lina maelfu ya viwango vya kijivu, vingi kuliko jicho linavyoweza kutofautisha kwa pamoja. Ndiyo maana msomaji hubadilisha dirisha, yaani sehemu ya viwango hivyo inayoonyeshwa kwenye skrini: ubongo nautazama kwa upana wa 80, katikati 40, kisha nahamia dirisha la mfupa. Damu nyembamba iliyolala kando ya fuvu hutoweka kabisa ukiwa kwenye dirisha la mfupa. Aliyepiga kwa simu ameshanichagulia dirisha moja, siwezi kulibadili.

Utasema bando. Kipande kimoja cha CT ni nukta 512 kwa 512, karibu nusu MB, kwa hiyo vipande 300 ni kama MB 150. Vikibanwa kwa njia isiyopoteza kitu vinashuka sana. Kompyuta ya kawaida yenye Orthanc, programu ya bure, inatosha kupokea kutoka kwenye mashine na kutuma. Njia ya kutuma isimbwe, yaani faili lifungwe kwa msimbo asilisome mtu mwingine njiani, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Halafu maelezo ya mgonjwa. "Kichwa kinauma" hakunisaidii. Kimeanza lini, mkono upi umelegea, ameanguka, ana picha za zamani? Na niwekeeni namba ya daktari wa zamu inayopokelewa saa nane usiku, kwa sababu damu kwenye ubongo siiandikii ripoti tu, napiga.

Mashine yenu ni ya aina gani, na mafaili mnayahifadhi wapi sasa hivi? Niambie, tuanzie hapo.