Kadi ipi ya punguzo la dawa ni nzuri hapa Marekani? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya kadi za punguzo yamekuwa mengi, na mengi yanafanana, nimeyakusanya nijibu kwa mkupuo. Kwa mliofika juzi: hapa dawa ya cheti (ya kuandikiwa na daktari) haina bei moja, duka hili na lile la ng'ambo ya barabara zinaweza kupishana vibaya mno kwa vidonge vilevile, ndo maana kuna hizi kadi na kuponi za kwenye simu zinazodai kukushushia bei.

Dada shikamoo. Niko Houston, mama anatumia dawa ya presha na ya kolesteroli na hana bima. Kuna GoodRx, kuna SingleCare, kuna Optum Perks, na nyingine imekuja tu kwa posta hata sijui ya nani. Niambie ipi ndo nzuri nishike hiyohiyo.

Marahaba mdogo wangu. Hakuna ya kushika hiyohiyo, na wala sikwepi swali. Hizi kampuni za kadi hazina dawa, na bei yenyewe inatoka kwenye mikataba ya makampuni ya kati yanayokaa katikati ya bima na famasi (matatu makubwa ni CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, yenyewe tu yanapitisha karibu asilimia 80 ya vyeti vyote nchini). Sasa kila kadi imejishikiza kwa kampuni moja au kadhaa za namna hiyo, na kila kampuni ina bei yake na kila duka, kwa hiyo leo GoodRx inaweza kuwa rahisi kwa amlodipini ya presha kwenye duka A alafu SingleCare ikaipiga bao kwa atorvastatini ya kolesteroli kwenye duka hilohilo. Kadi mbili kwa dawa mbili za mtu mmoja, kawaida kabisa.

Fanya hivi. Chukua chupa ya zamani ya mama, andika jina la dawa, miligramu, ni kidonge au kapsuli, na idadi. Ingiza kwenye kadi mbili tatu pamoja na zip code yako, piga picha ya skrini ya bei iliyo chini zaidi, ndo uende. Pale kwenye picha kuna namba za BIN, PCN, Group na Member ID, hivyo ndo vitu mfamasia anaviingiza kwenye kompyuta, jina la kadi na rangi zake hata hana shida nazo. Mwambie akutajie bei kabla hajafungasha.

Na usidharau hiyo habari ya kidonge au kapsuli, wala ya aina ya kidonge chenyewe. Mfano mzuri ni metformini ya sukari ile inayoyeyuka taratibu, wanaiandika ER. Kuna jeneriki (dawa ileile bila jina la kampuni ya kwanza) ya Glucophage XR ambayo ni bei ya chini, alafu kuna jeneriki za Fortamet na za Glumetza, nazo ni metformini ER vilevile ila bei yake inaweza kukutoa jasho, na daktari akibonyeza mstari usio sahihi kwenye kompyuta yake unajikuta kaunta unaambiwa hela ambayo hakuna kadi itakayoifuta. Hapo kadi haina kosa. Muulize mfamasia "hii ni jeneriki ya ipi?" kisha apigiwe daktari abadilishe. Fluoksetini, ya sonona, nayo ina mchezo huo, vidonge mara nyingi ni ghali kuliko kapsuli.

Jambo la mwisho kwako, bei ya mwezi jana si ahadi ya mwezi huu. Mwaka 2022 maduka ya Kroger na GoodRx walitofautiana, kwa miezi kadhaa watu wakawa wanafika na kuponi kwenye maduka yale wanaambiwa haipokelewi. Kwa hiyo uwe na mbili kwenye simu.

Bonjour yaya. Miye niko Louisville. Medicaid ya batoto ingali inatumika lakini yangu ilikatika. Hii makadi ya kupunguza bei ya dawa, banaulizaka Social Security? Na nikitumikisha yote mbili pamoja kwa batoto, bei itashuka zaidi?

Bonjour mama. Hawaulizi namba ya Social Security, hawaulizi karatasi za uhamiaji, na kadi nyingi za bure hata kujiandikisha si lazima, unafungua tu unaona bei. Ukikutana na kadi inayotaka namba hiyo, ifunge.

Kwa watoto usiitumie kabisa. Kadi na bima haziunganishwi, famasi inapitisha moja tu, na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) kwa watoto mara nyingi hulipi chochote. Kuna watu wanatoa kuponi kwa mazoea wanaishia kulipa dola 12 kwa dawa ambayo wangepewa bure.

Kwako wewe, kabla ya kadi, tafuta kituo cha afya cha jamii, vile vinavyopata hela ya serikali kuu. Vinatakiwa kukuhudumia hata kama huna uwezo wa kulipa, wanapanga malipo kulingana na kipato, na vingi vina famasi yao au mkataba na famasi ya karibu ambapo dawa zinaweza kuja kwa bei ya chini kuliko ya kadi. Na ukiwa kaunta sema neno moja, "Swahili interpreter". Famasi inayopokea hela za Medicaid au Medicare (bima ya serikali ya wazee) inatakiwa ikupe mkalimani bure, kwa simu mara nyingi, usimtumie mtoto wa miaka tisa akutafsirie dozi.

Sasa dadangu, niko Minneapolis. Niko na inshuransi ya kazi lakini dedaktibo ni kubwa kishenzi. Famasi iliniitisha dola 40, beshte akaniambia jaribu kuponi, ikashuka hadi 15. Kwani mimi hulipa inshuransi ya nini kila mwezi?

Ha, karibu klabuni. Kwa wasiojua, dedaktibo ni kile unachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Hiyo inatokea sana, bei ya bima inaweza kuwa juu kuliko bei ya mtu asiye na bima. Zamani mikataba mingine ilikuwa inamziba mfamasia mdomo, anaona kabisa unalipa zaidi na haruhusiwi kukuambia. Sheria mbili za Oktoba 2018 zikapiga marufuku hizo ziba-mdomo. Lakini sheria inasema aruhusiwe kukuambia, haisemi lazima akimbilie kukuambia, na foleni iko hadi mlangoni. Kwa hiyo ni wewe wa kuuliza: bei bila bima ni ngapi, na kwa kuponi ni ngapi?

Kuna kitu kimoja hapo. Ile 15 uliyolipa kwa kuponi kwa kawaida haihesabiwi kwenye dedaktibo yako. Ukiwa mzima na unanunua dawa ya mzio mara mbili kwa mwaka, chukua 15 uende zako. Ila kama mke wako anajifungua Agosti, au una operesheni inakuja, dedaktibo utaimaliza tu, basi zile 40 huenda ndo zinakusogeza, piga hesabu ya mwaka mzima.

Na wenye wazazi kwenye Medicare wasikie hapa: Part D, sehemu yake inayolipia dawa, sasa ina kikomo cha unachotoa mfukoni kwa mwaka, mwaka 2025 kilikuwa dola 2,000, mwaka 2026 ni 2,100, ukifika hapo dawa zinazolipiwa na mpango wako hulipi tena mpaka mwaka uishe. Mzee mwenye dawa za gharama kubwa ukimzungusha kwenye kuponi unaweza kuwa unamchelewesha kufika kwenye kikomo huku ukidhani unamsaidia.

Nimepigiwa simu, wanasema kadi yao ni dola 39 kwa mwezi na itapunguza dawa ZOTE hadi asilimia 85. Ni kweli?

Neno la kuangalia hapo ni "hadi". Hata asilimia 2 iko ndani ya "hadi 85". Kata simu. Kadi za kawaida ni bure, na hakuna hata moja iliyo bima, hata ikiandikwa maneno yanayofanana na bima. Zipo za kulipia za halali, GoodRx wanayo inaitwa Gold, karibu dola 10 kwa mwezi, na inaweza kulipa kama una dawa tatu nne za kila mwezi, ila linganisha kwanza na ya bure kwa dawa zako wewe. Kwa mtu wa antibayotiki moja kwa mwaka ni hela ya kutupa.

Kama ni bure wanakula wapi? Hakuna cha bure Marekani.

Umesema kweli kaka. Ukitumia kuponi famasi inalipa ada kwa ile kampuni ya kati, nayo inamkatia mwenye kadi chake. Ndo maana famasi ndogo ya mtaani huwa inanuna ukitoa simu, mara nyingine imeuza kwa hasara. Mimi kwa duka dogo ninalolipenda huwa naanza kwa kuuliza bei yao ya keshi, mara kadhaa inakuwa sawa na kuponi au chini yake na hakuna aliyenyonywa.

Njia ya pili ni taarifa zako. Februari 2023 tume ya biashara, FTC, iliibana GoodRx kwa kupeleka habari za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengine bila idhini, faini ikawa dola milioni 1.5. Kama ni dawa ambayo hutaki mtandao uijue, fungua bei bila kujisajili, usiweke barua pepe, au tumia kadi ya NeedyMeds, hao ni shirika lisilo la faida na kadi unaichapisha tu unaondoka nayo.

Insulini je?

Hapo kadi za kawaida weka pembeni kwanza. Watengenezaji wake, Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, wote wana mipango ya dola 35 kwa mwezi, na Medicare tangu 2023 haizidi 35 kwa mwezi kwa kila insulini inayolipiwa na mpango. Ila zile kadi za kiwanda za kupunguza kopei (sehemu unayolipa mwenyewe kaunta) kwenye dawa zenye jina kubwa, mtu wa Medicare au Medicaid haruhusiwi kuzitumia pamoja na bima yake.

Dada, bila kadi kabisa haiwezekani?

Inawezekana. Walmart wana orodha ya jeneriki za bei ya chini iliyoanza 2006, baadhi ni dola 4 kwa siku 30 na dola 10 kwa siku 90, angalia kama yako imo. Cost Plus Drugs ya Mark Cuban, imeanza 2022, bei yao ni gharama ya dawa jumlisha asilimia 15 na ada ya famasi na usafirishaji, imeandikwa wazi, nzuri kwa dawa ya kila mwezi lakini si kwa mtoto mwenye homa usiku huu. Costco famasi unaingia hata bila uanachama, mlangoni sema unaenda famasi.

Ukihamahama maduka hivyo, beba orodha ya dawa ZOTE na umwonyeshe kila mfamasia. Kompyuta ya duka hili haioni ulichonunua kule, na dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini ikikutana na dawa isiyopatana nayo ni hatari kweli.

Naweza kutumia kadi yangu nimnunulie mama dawa za presha nimtumie Mwanza?

Kadi haijali, ila cheti kina jina. Dawa inatolewa kwa aliyeandikiwa, na huko nyumbani TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, wana utaratibu wao wa dawa zinazoingia. Amlodipini inapatikana Mwanza. Tuma hela.