Uzamili wa uongozi wa elimu kwa njia ya mtandao: mazoezi nitafanyia wapi?

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Nimefundisha hisabati miaka kumi na moja, na hii mitatu ya mwisho nimekuwa makamu mkuu wa shule upande wa taaluma. Nimepata nafasi kwenye vyuo viwili vinavyotoa shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu yenye mwelekeo wa haki ya kijamii, vyote kwa mtandao mwanzo hadi mwisho. Kimoja unamaliza kwa kozi na insha tu. Kingine kina saa 300 za mafunzo kwa vitendo pamoja na mradi wa kufanyia shuleni. Mume wangu anasema nichukue chepesi, karatasi ni ileile. Mwenzangu ofisini anasema haki ya kijamii ni siasa za wasomi. Naomba unisaidie: ndani ya masomo hayo kuna kitu cha kushika mkononi? Uongozi unafundishika kupitia skrini? Na shahada yenyewe itatambuliwa? Mkuu wangu wa shule bado sijamwambia.

JIBU

Salama kabisa, mwalimu. Nenda kwenye chuo chenye zile saa 300. Nimetanguliza jibu kwa sababu muda wa kuthibitisha nafasi huwa mfupi. Sababu zangu ni hizi.

Kazi yangu ni kusimamia miradi ya wanafunzi wa uzamili wanaosoma huku wakiwa kazini. Wengi hufika wakidhani kwamba darasa lao ni skrini. Muhula wa kwanza haujaisha wanagundua kwamba darasa ni ile shule wanayoingia kila asubuhi, na skrini ni mahali pa kuja kueleza walichokiona huko wakabanwa maswali. Vitabu vya fani hii unaweza kuvisoma peke yako. Unachokwenda kukitafuta chuoni ni mtu wa kukaa na kazi yako na kukuuliza: hii namba umeitoa wapi, na ukiigawa kwa makundi inasemaje?

Tuje kwenye hicho cha kushika mkononi, na majibu ya mwenzako yamo humohumo.

Kuna zoezi linaloitwa ukaguzi wa usawa. Mfano wake unaotumika sana ulichapishwa Marekani mwaka 2004 na Linda Skrla, James Scheurich na wenzao. Walichagua vipimo 12 wakavipanga katika mafungu matatu. La kwanza ni walimu: elimu yao, uzoefu wao, kuhamahama kwao, na wangapi wanafundisha bila sifa za somo husika. La pili ni mipango ya shule: nani anapelekwa elimu maalumu, nani anaitwa kwenye madarasa ya wenye vipaji, nani anaadhibiwa. La tatu ni matokeo: mitihani, kuacha shule, na njia ambayo mwanafunzi anahitimu nayo. Kila kipimo unakipasua kwa makundi ya wanafunzi. Hesabu zake ni za kugawanya tu, wewe utacheka. Kigumu ni kuamua makundi yapi uyatazame, kisha kuvumilia yanayojitokeza.

Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 800. Kati yao 200 wanaishi mbali, wanatembea zaidi ya saa moja kufika. Mwaka mzima shule imewasimamisha masomo wanafunzi 60. Ukiishia hapo, hiyo ni asilimia 7.5, utaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu inaridhisha. Sasa fungua daftari la adhabu uweke alama ya penseli kwa kila anayeishi mbali. Tuseme umehesabu 33. Hao ni 33 katika 200, yaani 16.5 kwa kila mia. Waliobaki ni 27 katika 600, yaani 4.5 kwa kila mia. Mtoto wa mbali anasimamishwa zaidi ya mara tatu na nusu ya mwenzake.

Je, watoto wa mbali ni watukutu? Rudi kwenye daftari, safari hii soma safu ya kosa. Kuchelewa. Kuchelewa. Kuchelewa mara ya tatu. Kanuni ya shule inasema anayechelewa mara tatu kwa mwezi anasimamishwa siku mbili. Kanuni haimtaji mtu, na aliyeitunga hakuwa na nia mbaya. Lakini inamwadhibu mtoto kwa umbali wa nyumba aliyozaliwa, kisha inamtoa darasani mtu ambaye tatizo lake tangu mwanzo ni kukosa vipindi.

Sasa kazi ya uongozi ndiyo imeanza. Kanuni ibadilishwe iweje? Kwa idhini ya nani? Utawaambia nini walimu wanaoamini kwamba kulegeza kamba ni kuibomoa shule? Baada ya mihula miwili utajuaje kama umesaidia au umehamisha tatizo tu? Huo ni mradi mzima wa uzamili, tena mzuri, umetoka kwenye daftari moja. Anayemaliza kwa insha peke yake ataandika vizuri juu ya usawa bila kulifungua daftari hilo.

Fungu la walimu nalo usilipite. Nakuuliza wewe unayepanga ratiba: mwalimu wako wa hisabati mwenye uzoefu kuliko wote anafundisha mkondo upi? Mara nyingi huwa ni ule wa wanaofaulu, na mwalimu mgeni anakabidhiwa mkondo ambao wenyeji wameukwepa. Ukigusa hapo utaelewa kwa nini programu nzuri hutenga muda mrefu kuzungumzia upinzani. George Theoharis, kwenye utafiti aliouchapisha mwaka 2007 kuhusu wakuu wa shule saba waliokuwa wakifanya kazi ya namna hii, hakuishia kwenye mafanikio yao. Alieleza pia jinsi walivyopingwa, ndani ya shule na kutoka juu, na jinsi kazi ilivyowaelemea. Msomaji anayetoka kazini hupumua anapofika kurasa hizo, kwa sababu anajiona.

Kuhusu siasa, mwenzako hajakosea sana. Kugawa walimu, vitabu na adhabu ni siasa hata usipoiita hivyo, na shule zimekuwa zikiifanya siku zote. Masomo haya yanakupa lugha ya kuichambua. Kwa mfano, mwanafalsafa Nancy Fraser anatenganisha mambo matatu: mgawanyo wa mali na fursa, kutambuliwa kwa heshima ya watu, na uwakilishi pale maamuzi yanapofanyika. Jaribu kwenye daftari letu. Kukosa usafiri ni la kwanza. Kuitwa "wale wachelewaji" mbele ya paredi ni la pili. Na kama kamati iliyopitisha kanuni haikuwa na mzazi hata mmoja wa kutoka mbali, hilo ni la tatu. Kila moja lina dawa yake, na kiongozi anayezichanganya huishia kununua kengele mpya.

Utamsoma sana Paulo Freire pia. Watu humjua kwa kazi yake ya kuwafundisha watu wazima kusoma kule Angicos, Brazil, mwaka 1963. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wamtazame miaka ya baadaye, alipopewa kuongoza elimu ya jiji la São Paulo kuanzia 1989 hadi 1991. Hapo mwananadharia alikutana na majengo mabovu, bajeti na mishahara, kama wewe, na moja ya mambo aliyoyasukuma ni mabaraza ya shule ambamo wazazi na wanafunzi walikuwa na sauti. Nadharia yake naiamini zaidi kwa sababu iliwahi kukaa kwenye kiti cha ofisi.

Sasa skrini. Mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Kanada walieleza kwamba kusoma kwa mtandao kunashika pale vitu vitatu vinapokuwepo pamoja: uwepo wa kijamii, yaani watu wanajuana na wanathubutu kusema; uwepo wa kiakili, yaani mjadala unafika kwenye hoja na suluhisho; na uwepo wa kufundisha, yaani kuna mtu anayeuongoza. Mfano huo umetumika sana tangu hapo, nami nautumia kama kipimo cha kununulia. Omba chuo kikuonyeshe kozi moja kutoka ndani. Ukikuta wiki nzima ya mjadala ambamo kila mwanafunzi ameandika aya moja na kuwajibu wenzake wawili "nakubaliana nawe, hoja nzuri", na mwalimu hajatia neno, hapo cha kijamii kipo kidogo, viwili havipo. Uliza kundi lina watu wangapi. Uliza kama mnaingia pamoja na kumaliza pamoja, maana kundi linalotembea pamoja hubebana siku za uchovu. Uliza nani atasoma kazi yako na atairudisha ndani ya siku ngapi.

Kuna faida moja ambayo ukumbi wa chuo haukupi kirahisi: unasoma na watu waliotawanyika. Daftari lako la adhabu utaliweka mezani pamoja na la mtu wa mfumo mwingine kabisa, na kitu ulichokiona cha kawaida miaka kumi na moja kitaanza kukushangaza.

Chepesi anachokisema mume wako mkipime kwa saa. Uingereza shahada ya uzamili kwa kawaida ni krediti 180, na kila krediti inahesabiwa saa 10 za kazi, jumla saa 1,800. Ukisoma wiki 45 kwa mwaka, kwa miaka miwili ni saa 20 kila wiki. Kwa miaka mitatu zinashuka hadi 13 na ushei. Marekani wanahesabu kwa namna nyingine, mara nyingi krediti 30 hadi 36, lakini mzigo haupotei. Ukiwa na ofisi ya taaluma na familia, mimi ningeomba miaka mitatu. Uzuri ni kwamba saa za vitendo zinaingia ndani ya kazi unayoifanya tayari, mradi chuo kinakubali kuzihesabu. Hilo nalo liulize: je, kazi yako ya umakamu inahesabika, au wanataka saa zote ziwe nje ya majukumu yako?

Kutambuliwa. Kusoma kwa mbali si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani ya shahada zake kwa watu wa popote mwaka 1858, na Open University ya Uingereza ilianzishwa 1969. Mkataba wa dunia wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2023, unazigusa pia sifa zilizopatikana kwa njia zisizo za kawaida kama mtandao. Lakini mkataba hauajiri mtu. Fanya mambo mawili kabla ya kulipa: hakikisha chuo kina ithibati ya mamlaka ya nchi kilipo, kwa kuingia kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usitegemee nembo iliyobandikwa kwenye tovuti ya chuo, kisha iandikie mamlaka ya mahali unapofanyia kazi, kwa jina la programu na njia ya kusomea, upate jibu la maandishi. Anayekuahidi shahada kwa sababu ya "uzoefu wako wa maisha" mkimbie.

Na shahada si leseni. Kuna mifumo inayomtaka mkuu wa shule awe na leseni, na leseni hiyo inaweza kudai saa za vitendo chini ya msimamizi, pengine na mtihani. Hapo karatasi haiwi ileile tena. Mwenye kozi tupu anaweza kujikuta na uzamili mkononi na bado hajatimiza masharti ya kukalia kiti.

Imebaki habari ya mkuu wako. Mwambie mapema, kabla hujaanza kufungua madaftari. Ukaguzi wa usawa ndani ya shule anayoiongoza unaweza kuonekana kama upelelezi, hasa ukifanywa na makamu wake. Msimamizi wako wa mafunzo pale shuleni, kama chuo kinaruhusu, awe mkuu wa shule nyingine, ili huyu wako asijikute anakupa alama kwa kazi inayoikagua kazi yake. Majina ya wanafunzi usiyapandishe kwenye majadiliano ya chuo hata mara moja; tumia namba, na ufunguo wa namba ubaki kabatini. Ukitaka kuwahoji watoto, subiri kibali cha kamati ya maadili ya utafiti na idhini ya wazazi.

Mpelekee barua ya ukurasa mmoja: unasoma nini, unaomba kuona kumbukumbu zipi, za miaka mingapi, zitahifadhiwa wapi. Atakuuliza, "Na ukikuta mabaya?" Jibu lake liwe limeshaandikwa kwenye barua hiyo: matokeo yatafika mezani kwake kabla ya kwenda chuoni, na mtakaa wawili kuyasoma kwanza.