Fundi anajibu: Wegner kabla hajavuma

Tangu nitaje kiti cha Y katika safu iliyopita, kile chenye mgongo wa umbo la Y alichobuni msanifu wa samani Hans Wegner, maswali ni Wegner, Wegner. Haya.

Huyu Hans Wegner ni Msweden, siyo?

Denmark. Alizaliwa Tønder, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Ujerumani, mwaka 1914. Hili nimelijibu mara tatu. La nne silijibu.

Nasikia hakusoma, alivuma kwa kipaji tu. Mbona nyie wazee mnatukazania shule?

Aliyekwambia kakudanganya. Wegner, mtoto wa fundi viatu, aliingia karakana ya seremala Stahlberg palepale Tønder akiwa na miaka 14, akafuzu akiwa na 17. Jeshi ndilo lililomfikisha Copenhagen, na 1936 akaanza shule ya sanaa na ufundi, akakaa miaka miwili. Kwa hiyo randa kwanza, penseli baadaye. Vijana wetu mnakwenda kinyumenyume: mtu hajawahi kunoa patasi, anachora kwenye kompyuta mguu mwembamba kama wa korongo, ukivunjika anamgombeza fundi. Mbao ina nyuzi, bwana. Ukiikata kwa kuzikatiza nyuzi, itakatika tu, hata mchoro ungekuwa mzuri vipi.

Kazi kubwa ya kwanza aliipata wapi?

Aarhus. Kuanzia 1940 alibuni samani za jengo jipya la halmashauri ya jiji, chini ya wasanifu Arne Jacobsen na Erik Møller. Ofisi yake aliifungua 1943. Ninyi mnachapisha kadi za biashara kabla ya kuuza stuli moja.

Kile kiti chake cha Kichina si wizi?

Sio. Mwaka 1944 aliviangalia viti vya China vya enzi ya wafalme wa Ming, akachukua wazo la mgongo na mikono kuwa pindo moja linalomzunguka mkaaji. Kisha akaendelea kulipunguzapunguza wazo hilo hadi 1949 alipofika kwenye Y. Mwizi hahangaiki miaka mitano.

Nataka kuuza viti vya Y. Kamba ya katani itafaa?

Umeuliza kamba, hukuuliza ruhusa! Carl Hansen & Søn, kampuni ya samani ya Denmark, wanakitengeneza tangu 1950 na bado wapo. Ukikiuza kwa jina la Wegner, hiyo ni bidhaa feki. Chao husukwa kwa kamba ya karatasi, kama mita 120 kwa kiti kimoja. Wewe buni chako, kisuke kwa hiyo katani, mkalishe shemeji yako mnene mwezi mzima, halafu niandikie.