Ukitaka kupigia majarida picha, kanunue daftari

Kila mara kuna kijana ananiandikia inbox na swali ni lile lile, kaka ninunue kamera gani nianze kupigia majarida? Jibu langu: hiyo uliyonayo inatosha kwa sasa, kanunue daftari. Niko serious kabisa, nimeona picha kali mno zikitupwa na wahariri kwa sababu mpigaji hajui yule mama kwenye picha anaitwa nani.

Gazeti linataka picha moja, leo, saa hii. Jarida linataka stori nzima, yaani ya mbali inayoonyesha mahali, ya uso, ya mikono ikifanya kazi, na vile vitu vidogo unavyodhani havina maana. Piga na za wima za kutosha na uache nafasi juu ya kichwa maana jina la jarida linakaa pale, na kwenye picha pana usimweke mtu katikati kabisa, ikitandazwa kurasa mbili mkunjo unampita puani.

Sasa daftari. Nikishampiga mtu picha nampa kalamu aandike jina lake mwenyewe, halafu naipiga picha ile karatasi hapo hapo, kwa hiyo kwenye memori kadi jina linafuatana na sura. Kama haandiki, ananitajia, namsomea, ananisahihisha. Usiku huo huo hata niwe nimechoka vipi naandika nani, wapi, lini, alikuwa anafanya nini, kisha nakopi kila kitu kwenye hard disk mbili na moja haikai kwangu.

Mcheki Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi, alipigia Time na Life, majarida ya Marekani, enzi ambazo wapigapicha wa kutoka huku kwetu walikuwa wa kuhesabu. Aliuawa Oktoba 1968 kwenye vita vya Biafra, Nigeria. Picha zake zikakaa kwenye maboksi gereji moja Nairobi miaka na miaka mpaka mtu wa ukoo wake akazitoa, na leo tunaiona Kenya ya kudai uhuru kwa macho ya mtu wa hapa hapa. Inaniuma kufikiria kama zingetupwa.

Mohamed Amin naye alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa kijana mdogo kabisa. Ndiye aliyepiga ile njaa ya Ethiopia 1984 dunia nzima ikashtuka, 1991 mlipuko Addis Ababa ukamchukua mkono wa kushoto akarudi kazini na wa bandia, akafa 1996 kwenye ndege iliyotekwa ikaanguka Comoro. Picha zilibaki kwenye kampuni yake mwenyewe, ndiyo maana hazikutawanyika.

Na hapo kwenye umiliki vijana wengi wanaumia. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba picha uliyoagizwa kupiga ni ya aliyekuagiza, mpaka muwe mmekubaliana vingine. Kwa hiyo kabla hujapanda basi mtumie mhariri imeili, mistari mitatu tu: mtaitumia toleo hili na kwenye tovuti yenu, mkitaka tena tutaongea bei, picha inabaki yangu. Subiri ajibu "sawa", ndipo uende stendi.