Kwa wadogo mliotoka majaribioni mikono mitupu

Nimefundisha vijana wa mchangani kwa miaka kadhaa, na majaribio ya timu kubwa yakiisha najua simu zitakazokuja: "Kocha, wamenitema." Kijana ana miaka 17 na anaongea kama mstaafu. Huyo huwa namsimulia habari za Ian Wright, mshambuliaji wa zamani wa Arsenal ya England.

Wright alizaliwa Woolwich, London, mwaka 1963. Alijaribiwa na klabu ya Southend, akajaribiwa na Brighton, kote hakuchukuliwa. Akarudi kwenye vibarua vya ujenzi, Jumapili anacheza ligi za mtaani. Aliwahi hata kufungwa gereza la Chelmsford kwa faini za gari ambazo hakulipa. Klabu ya Crystal Palace ilimsajili Agosti 1985, akikaribia miaka 22. Wenzake wa rika lake walishacheza misimu kadhaa ya ligi.

Msinielewe vibaya, sisemi mkae mkisubiri bahati. Miaka yote ile hakuacha kucheza, tena na watu wazima wasiomwonea huruma. Aliyekwenda kumtazama alimkuta uwanjani, si kijiweni akiwalaumu makocha. Ukitemwa Jumatatu, Jumamosi uwe na timu, hata ya ndondo.

Halafu kuna hili la kumalizia mpira wavuni. Shuleni alikuwa na mwalimu, Sydney Pigden, aliyemfundisha kusoma na kuandika, na akamfundisha pia kutulia mbele ya goli: mpira unawekwa, haupigwi kwa hasira. Vijana wangu wengi wakibaki na kipa wanafumba macho na kufyatua, tunaenda kuomba mpira kwa jirani. Wright alikuwa akimwinulia kipa mpira taratibu, ukadondoka nyuma yake. Magoli 185 aliyoifungia Arsenal hayakuja kwa mguu wenye nguvu peke yake.

Septemba 1997, dhidi ya Bolton, alikuwa akiiwinda rekodi ya Cliff Bastin, mfungaji bora wa Arsenal wa zamani, ya magoli 178. Akaifikia, akafunua fulana ya ndani iliyoandikwa 179. Bado moja! Bahati yake alilifunga dakika chache baadaye.

Wright ameshastaafu, watu wa televisheni wakamkutanisha na mwalimu Pigden, ambaye Wright alidhani ameshafariki. Alipogeuka na kumwona mzee amesimama nyuma yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvua kofia.