Ushelisheli bila kukodi gari: majibu kwa anayekwenda Julai

Mkuu, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kumaliza siku saba Ushelisheli bila kukodi gari, maana mmesikia teksi za kule zinakausha mfuko. Mnaweza kabisa. Nimekwenda mara mbili, safari ya kwanza na gari, ya pili bila gari, na hiyo ya pili ndiyo niliyoifaidi.

Pale Mahé, kisiwa kikuu, kuna mabasi ya umma yanayofika karibu pande zote za kisiwa, na mengi yanaanzia stendi kuu ya Victoria. Nauli yake haifikii hata robo ya teksi. Vituo vingine havina kibanda wala nguzo, maandishi yamechorwa kwenye lami yenyewe, basi simama hapo umpungie dereva mkono. Ukitaka kushuka, paza sauti useme "Devan!" Hilo nilifundishwa na mama mmoja mwenye kikapu cha samaki: aliniona nachungulia dirishani kwa wasiwasi, akaniuliza nashuka wapi, kisha akaniitia yeye mwenyewe. Ila begi kubwa wanaweza kulikataa, kwa hiyo siku ya kutoka uwanja wa ndege lipeni teksi tu. Na jioni mabasi yanapungua mapema. Mimi niliwahi kubaki kusini ya kisiwa giza limeshaingia, nikalipia teksi pesa ambayo ingenitosha kupanda basi wiki nzima. Ulizeni dereva saa ya basi la mwisho mnapokwenda, msingoje kurudi.

Mkibadili mawazo kuhusu gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, hilo halina shida. Shida ni barabara za mlimani kama ile ya Sans Souci: nyembamba, kona kali, na pembeni pengine kuna mfereji mrefu kwenda chini usio na ukingo. Mkipishana na basi hapo, ni tairi la kushoto linaloning'inia. Chukueni gari dogo.

Sasa la muhimu kwenu, Julai ni msimu wa upepo wa kusi. Feri ya Mahé kwenda kisiwa cha Praslin inachukua kama saa moja, na msimu huo bahari inachafuka kwelikweli. Nilishuhudia nusu ya abiria wameinamia mifuko ya karatasi. Kaeni sitaha ya chini, upande wa nyuma, kuleni kidogo, na anayesumbuliwa na bahari ameze dawa kabla ya kupanda, akisubiri aanze kuumwa amechelewa. Kuna na ndege ndogo, dakika 15 tu, bei yake iko juu lakini kwa mtu anayeumwa na bahari naona inastahili. Siku ya kurudi nyumbani msipange feri na ndege ya kimataifa siku moja. Laleni Mahé usiku wa mwisho.

Praslin ina mabasi yake, na linalotoka Baie Sainte Anne kwenda Grand Anse linapita mlangoni mwa Vallée de Mai, ule msitu wa minazi ya ajabu yenye nazi pacha. Kutoka bandari ya Baie Sainte Anne, kisiwa cha La Digue ni robo saa kwa feri.

La Digue ni baiskeli. Kabla hamjalipa, bana breki zote mbili na uisukume baiskeli mbele uone kama zinashika, kwa sababu kwenda ufuko wa Grand Anse ya La Digue kuna kilima, na kushuka kwake si mchezo. Huko mtazame tu, msiogelee, wakati wa kusi mkondo unavuta watu. Ufuko wa Anse Source d'Argent ni salama zaidi, ila ulizeni maji yanatoka saa ngapi, mkienda maji yamejaa mtakosa mahali pa kupita kati ya yale mawe. Bebeni tochi pia, njia nyingi hazina taa.

Visa hamhitaji, lakini idhini ya kusafiri mnaiomba mtandaoni kabla ya kuondoka. Na tiketi za feri kateni sasa hivi, Julai zinajaa.