DNA ya mkomafi inapogoma
Ndugu, umeuliza mbona DNA ya majani ya mkomafi (mti wa mikoko, Xylocarpus granatum) uliyoletewa Nairobi kutoka Gazi, pwani ya Kenya, inatoka ya kahawia na PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) haishiki. Hizo ni tanini, kemikali za mmea zinazoshikamana na DNA na kuzuia PCR. Jani liwe changa, likaushwe kwa silika jeli pale pale mikokoni, lisingoje kufika maabara. Kwenye bafa ya CTAB (mchanganyiko wa kutolea DNA) tia PVP, inayonasa tanini, asilimia 2, kisha zimua DNA mara 10 kabla ya PCR.

Katika kutambua spishi, usitegemee rbcL pekee, jeni ya kloroplasti (sehemu ya kijani ya seli). Hubadilika polepole mno, na Xylocarpus granatum na X. moluccensis ni ndugu wa karibu. Ongeza ITS, kipande cha DNA ya kiini cha seli, kinachorithiwa kwa baba na mama. Kloroplasti kwa kawaida hurithiwa kwa mama, kwa hiyo mti chotara utasomeka kama mama tu, lakini ITS huonyesha, kwenye mchoro wa usomaji wa DNA, vilele viwili mahali pa herufi moja.